Ramani ya gari haimjui mteja wako wa Pongwe

Swali: Shikamoo fundi. Nasambaza vifaranga wa siku moja hapa Tanga. Maboksi yanashushwa stendi ya Kange alfajiri, halafu dereva wangu anawagawia wateja kama sitini hivi: wa mjini, wa Pongwe, wa Mabokweni, wa Muheza, na wachache wa Pangani ng'ambo ya mto. Dereva wa zamani alikuwa na nyumba zote kichwani. Ameacha kazi, na huyu mpya anapiga simu kila kona. Juzi boksi zima limekufa kwa joto akiwa anazunguka. Gari langu ni Toyota iliyotoka Japani, ina skrini ya ramani ambayo sijawahi kuitumia. Kaka yangu wa Dar ananiuzia Benzi ya mwaka 2013 iliyotoka Uingereza, anasema hiyo ukiitia kadi yenye vituo vyako inavisoma. Nitawaingizaje wateja wangu kwenye ramani ya gari? Na je, ninunue hiyo Benzi?

Jibu: Marahaba dada, na pole sana kwa vifaranga. Nianze na Benzi, maana ndiyo inayotaka kukutoa pesa.

Kaka yako hajakudanganya. Benzi za miaka hiyo zenye mfumo unaoitwa COMAND zinapokea vituo binafsi. Unatengeneza faili la aina ya GPX, ambalo ni faili la kuhifadhia pointi za GPS, unaliweka kwenye memori kadi ndani ya folda iliyoandikwa PersonalPOI, herufi kwa herufi bila nafasi katikati, unachomeka, na vituo vyako vinatokea kwenye skrini. Ila kuna jambo hakukwambia, na pengine naye halijui. Kituo ni nukta tu. Nukta hukaa juu ya ramani, na ramani iliyomo ndani ya gari lililouzwa Uingereza ni ya Ulaya. Ukiwa Chumbageni, gari hilo litajua liko wapi duniani, kwa sababu ishara za setilaiti za GPS zinashuka kila mahali na hazidai bando. Lakini halitajua hata barabara moja chini ya matairi yake. Utaona mshale wa gari katikati ya skrini tupu, na mteja wako amening'inia pembeni kama taa ya ngalawa usiku.

Mifumo mingine, ikikosa ramani, humpa dereva mshale wa kuelekea na umbali wa mstari ulionyooka. Mtu anaweza kusema basi, si haba. Kwa Tanga hiyo ni hatari. Simama Raskazone umtafute mteja wa Chongoleani: mshale utakuonesha maji. Mstari ulionyooka unakata ghuba, wakati gari lazima lizunguke kwa Amboni. Ukiwa Pangani mjini, mteja wa Bweni anaonekana yuko mita mia kadhaa tu, lakini kati yenu kuna mto, na juu ya mto kuna foleni ya pantoni. Vifaranga hawali mstari ulionyooka.

Kwa hiyo Benzi kama Benzi, inunue ukiipenda na kama una fundi wake. Kwa ajili ya skrini, hapana.

Sasa hiyo Toyota yako. Hapa watu wengi wanapoteza pesa kwa vishoka, kwa hiyo nitasema wazi: navigesheni ya Kijapani ya kiwandani usiihangaikie. Ramani yake ni ya Japani peke yake, iwe imo kwenye DVD, kwenye diski ndani ya redio au kwenye memori kadi. Hata namna yake ya kutafuta mahali imejengwa kwa ajili ya kule. Mjapani huingiza namba ya simu ya duka au namba za Mapcode, yaani namba maalumu za mahali, na gari linajua. Kwako namba ya simu ya banda la kuku la Mikanjuni haitaleta kitu. Magari mengine yamefika hapa bila ile kadi ya ramani, yakiwashwa yanaandika kwa Kijapani kwamba kadi irudishwe. Mtu akikwambia atakutilia ramani ya Tanzania kwenye redio hiyo hiyo ya kiwandani, mwambie akuoneshe gari alilokwisha kulitengeneza, tena ukalione likitembea, si picha kwenye simu.

Kuna watakaokwambia unaweza kuhifadhi mahali ulipo kwa kubonyeza skrini. Kitufe kipo kweli. Lakini tunarudi kwenye hadithi ya Benzi: nukta bila barabara.

Yapo magari ambayo kazi hii inakwenda vizuri. Magari yenye navigesheni ya Garmin ndani, au yale yenye Garmin ya kubandika kiooni, unaweza kuyatilia vituo kwa programu ya bure ya kompyuta iitwayo POI Loader, na ramani za Afrika Mashariki za Garmin zinapatikana, zikiwemo zile zinazotengenezwa bure kutokana na OpenStreetMap, ramani ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea, na zile za kulipia za Tracks4Africa ambazo watu wa safari za porini wanazipenda. Ukimwona dereva wa watalii anayekwenda Amani au Saadani ana kidude kidogo kimebandikwa kwenye kioo, mara nyingi ndicho hicho. Lakini wewe huna gari hilo, na sioni sababu ya kulitafuta.

Kinachokufaa ni kimoja kati ya viwili: simu iliyofungwa vizuri kwenye dashibodi, au redio ya Android badala ya ile ya Kijapani. Nitarudi huko. Kabla ya kifaa kuna kazi ambayo hakuna fundi atakayekufanyia, nayo ndiyo yenye thamani: orodha ya vituo vyenyewe. Ukiwa na orodha safi, utaihamisha kwenye simu, kwenye redio, kwenye Garmin, hata kwenye Benzi ya kaka siku ikipata ramani. Ukiwa na orodha chafu, gari la bei yoyote litampoteza dereva wako, na litampoteza kwa kujiamini.

Najua utaniambia wateja wamekwisha kukutumia lokesheni kwa WhatsApp. Zifungue moja moja uziangalie kabla hujaziamini. Mteja uliyemwandikia saa nne asubuhi "nitumie lokesheni" alikutumia pale alipokuwa saa nne asubuhi, na saa nne asubuhi yeye yuko sokoni. Nimewahi kumsaidia kijana wa kusambaza gesi: katika lokesheni kumi na mbili za wateja wake wa Makorora na Ngamiani, tatu zilikuwa zimesimama sokoni, na moja ilikuwa kwenye nyumba ya shemeji. Wengine hutuma lokesheni inayotembea, ile ya muda, ambayo ikiisha muda wake haikufai tena. Na wengine hutuma wakiwa chumbani, chini ya bati na zege, simu inakisia tu. Nukta inatua kwa jirani mwenye mbwa.

Njia ya uhakika ni kufika wenyewe. Wiki moja, wewe mwenyewe au mtu unayemwamini, mpite na gari na kila mnapofika getini mkahifadhi pointi palepale. Programu ya OsmAnd inatosha: ni ya bure, ramani ya Tanzania unaipakua mara moja ukiwa na intaneti, baada ya hapo inafanya kazi bila bando. Shuka garini, simama mahali pa wazi, usubiri nusu dakika au dakika nzima mpaka alama ya mahali ulipo itulie. Simu ya kawaida mahali pa wazi hukosea kama mita 5, na hizo hazimpotezi mtu. Hifadhi penye geti au penye mlango wa banda ambapo maboksi hushushwa, usihifadhi penye sebule ya mama mwenye nyumba. Gari haliingii sebuleni.

Halafu, kwa wateja wa mashambani, weka pointi mbili. Hili wengi hawalijui na ndilo linalowatesa madereva. Navigesheni haikupeleki kwenye nukta. Inakupeleka kwenye barabara iliyo karibu zaidi na nukta, kwa kadiri inavyozijua barabara. Mteja wako akiwa ndani, mita mia tatu kutoka barabara yoyote iliyochorwa, kifaa kitachagua barabara iliyo jirani hata kama kati yake na banda kuna korongo, uzio au reli. Huku kwetu tuna ugonjwa mmoja zaidi, mashamba ya mkonge. Mkonge na reli ya Tanga vilianza mwaka mmoja, 1893, na vimeishi pamoja tangu hapo: mashamba yamekatwa njia nyoofu za kupitishia mkonge, moja baada ya nyingine, na reli inapita katikati. Ukizitazama njia hizo kwenye picha ya setilaiti zinaonekana barabara nzuri kabisa. Mchoraji wa ramani aliyeko mbali anazichora. Dereva wako anafuata, anakuta mtaro, au geti la kampuni lenye mlinzi asiyetaka utani, au anamwona mteja wake kwa macho upande wa pili wa reli akimpungia mkono na hakuna pa kuvukia.

Kwa hiyo pointi ya kwanza iwe kona ya kuingilia, pale mnapoacha lami au barabara kubwa ya vumbi. Ya pili iwe banda lenyewe. Dereva anakwenda kwenye kona kwanza, akifika anachagua banda. Kwa mteja wa Bweni, pointi ya kwanza ni pantoni, na kwenye maelezo yake andika saa za kuvuka na namba ya simu ya mtu wa kule atakayekwambia foleni ikoje.

Majina nayo yana adabu yake. Skrini za magari hukata maneno marefu, na orodha hupangwa kwa alfabeti. Ukiandika "Mteja wetu mzuri wa Pongwe karibu na msikiti", dereva ataona "Mteja wetu mzuri wa", na kesho yake wote sitini wataanza na Mteja. Anza na eneo kwa kifupi, kisha namba, kisha kitu kinachoonekana kwa macho: PON 03 KONA mwembe, PON 03 geti la bluu. MUH kwa Muheza, MAB kwa Mabokweni, PAN kwa Pangani. Kwa Ngamiani una bahati, barabara zenyewe zina namba, moja mpaka ishirini na moja. Andika NGA 12 kwa barabara ya kumi na mbili na dereva yeyote aliyekulia hapa ataelewa kabla hajatazama ramani. Anwani za makazi zilizowekwa kwenye ile operesheni ya 2022 nazo ziandike kwenye maelezo kama nyumba inayo kibao, zinasaidia ukishafika mtaani. Jina la mteja usiliandike kwenye jina la pointi. Sababu nitaisema mbele.

Sasa namba zenyewe, maana kuna siku utalazimika kuziandika kwa mkono. Kila mahali duniani pana namba mbili: latitudo, inayosema uko kaskazini au kusini ya ikweta kiasi gani, na longitudo, inayosema uko mashariki au magharibi. Tanga mjini ni kama -5.07 na 39.10. Ile alama ya kutoa mbele ya tano ndiyo roho ya jambo. Sisi tuko kusini ya ikweta. Ukiisahau, mteja wako atahamia Ethiopia ya kusini, kama kilomita 1,100 kutoka banda lake. Ukizibadilisha nafasi, longitudo ikakaa pa latitudo, atahamia Hispania, zaidi ya kilomita 6,600. Ukifanya makosa yote mawili kwa pamoja atakuwa baharini, katika Mediteranea. Makosa haya makubwa hayanitishi, kwa sababu kifaa chenyewe kitapiga kelele: dereva akiona kilomita elfu sita atacheka na kukupigia simu.

Linalotisha ni kosa dogo. Kuna namna mbili za kuandika namba hizi. Moja ni ya desimali, kama nilivyoandika hapo juu. Nyingine ni ya digrii na dakika, ambapo digrii moja ina dakika 60, kama saa. Mtu anakuta mahali pameandikwa digrii 5 na dakika 4, anaandika 5.04. Sivyo. Dakika 4 ni 4 kugawa kwa 60, yaani 5.067. Tofauti ni kama kilomita 3, na hakuna kifaa kitakachokupigia kelele kwa kilomita 3. Mimi mwenyewe liliwahi kunipata nikiwa na wageni tukienda kuyaona magofu ya Tongoni. Namba nilizitoa kwenye karatasi iliyoandikwa kwa dakika, nikaziingiza kama desimali, na sauti ikatutangazia kwa heshima zote kwamba tumefika. Tulikuwa kwenye minazi, hakuna gofu, kuna mzee anauza madafu. Mzee akatuelekeza tuendelee mbele. Baadaye nikakaa nikapiga hesabu: kwa sisi tulio kusini ya ikweta na mashariki, kosa hili daima linairudisha nukta kaskazini na magharibi, kamwe haliisogezi upande mwingine. Kwa hiyo ukitoka mjini kuelekea Pangani na kifaa kikasema umefika kabla ya wakati, shuku dakika.

Andika tarakimu tano baada ya nukta. Digrii moja ni kama kilomita 111, kwa hiyo tarakimu ya tano ni kama mita moja, na hapo panatosha. Mbili tu zinakuacha na kosa linaloweza kuzidi nusu kilomita.

Na mpangilio unabadilika kutegemea nani anasoma. Google Maps ukibonyeza mahali kwa kidole ukakishikilia, inakupa latitudo kwanza. Faili la CSV, yaani jedwali la maandishi linalotenganishwa kwa mkato, kwa ajili ya Garmin linataka longitudo kwanza. Mfano wa mstari mmoja, namba ni za mfano tu:

39.10000,-5.07000,"NGA 12 geti jeusi","boksi 2, piga honi mara moja"

Faili la KML, lile la Google Earth, nalo linaanza na longitudo. GPX halina ubishi huo kwa sababu kila namba imeandikwa jina lake, na ndiyo maana nakushauri orodha yako kuu iwe GPX. OsmAnd inakutolea yenyewe, hulazimiki kuandika chochote. Ukipitia Excel, angalia kompyuta yako isije ikaweka mkato badala ya nukta kwenye desimali. Faili zima linaharibika na huoni kwa nini.

Siku ukipeleka faili kwenye gari lolote lenye tundu la memori kadi au flashi, tumia kadi ya GB 32 au chini yake, iliyofomatiwa kwa mpangilio uitwao FAT32. Kadi kubwa za GB 64 zinakuja na mpangilio ambao magari mengi ya zamani hayausomi, na fundi atakwambia redio imekufa kumbe kadi ndiyo ngeni.

Turudi kwenye kifaa. Ushauri wangu wa kwanza ni simu. Nunua simu ya kawaida, ya kazi, mali ya biashara yako, si ya dereva. Ifunge kwenye kishikio imara chini ya usawa wa macho, mbali na jua la moja kwa moja, kwa sababu jua la saa saba la Tanga linaizima simu yenyewe kabla halijawaua vifaranga. Tia ramani, tia faili lako, kwisha. Jaribu mwezi mmoja hivyo.

Ukiona kazi imeshika na unataka skrini kubwa, ndipo uende kwenye redio ya Android. Hapa usikurupuke. Toyota nyingi za Kijapani zina nafasi ya redio yenye upana wa milimita 200, wakati redio za kawaida ni milimita 178, kwa hiyo lazima upate fremu au redio ya upana huo. Vinginevyo utaachiwa matundu mawili pembeni ambayo fundi atayaziba kwa sponji. Uliza kumbukumbu ya kufanyia kazi, ile iitwayo RAM: chini ya GB 2 ramani itakuwa inakwamakwama, na dereva ataona kona baada ya kuipita. Antena ya GPS, kale kadude keusi ka mraba kenye sumaku, kawekwe juu ya dashibodi karibu na kioo kakitazama anga. Nimefungua dashibodi nyingi nikakuta kamefungwa na gundi nyuma ya redio, kamezungukwa na chuma pande zote, na mwenye gari analalamika kuwa GPS ya Kichina ni mbovu. Si mbovu, imezikwa.

Kisha waya. Mwambie fundi mbele yako: waya wa njano uende kwenye umeme wa kudumu wa betri, mwekundu uende kwenye umeme wa swichi, ule unaokatika ukichomoa funguo. Mvivu ataunganisha yote miwili pamoja kwenye betri. Redio itawaka vizuri, utamlipa, utaondoka. Siku ya tatu alfajiri basi limeshafika Kange na maboksi yako, gari haliwaki, betri imelala kwa sababu redio haijalala. Ukitoka kwake, zima gari, chomoa funguo, subiri, uangalie kama skrini imezima kweli. Na ile redio ya Kijapani usimwachie. Ifunge kwenye mfuko uiweke nyumbani, maana siku ukiuza gari kuna mnunuzi atakayeitaka.

Kuna watu watakaokutumia faili la vituo vya tochi za trafiki, vile vipima mwendo. Usilitie. Tochi zinahama, leo ziko mti huu kesho mti ule, na dereva akilitegemea faili ataacha kutazama vibao. Vitu visivyohama ndivyo vya kuweka: mahali pa kuanzia mwendo wa 50, na matuta. Kwa mizigo yako matuta ni muhimu kuliko tochi. Boksi la vifaranga mia likirushwa juu kwenye tuta ambalo dereva hakuliona, wanalaliana kona moja na wa chini hawafufuki. Garmin zinaweza kulia kabla hujaifikia pointi. Kwenye simu, hata dereva akiziona tu alama zimepangana kwenye ramani, mguu unapungua wenyewe.

Sasa lile la majina ya wateja. Dereva wako wa kwanza aliondoka na biashara yako kichwani. Huyu wa pili, ukimwacha ahifadhi kila kitu kwenye simu yake, ataondoka nayo mfukoni, na jirani mwenye vifaranga vya bei ya chini atakuwa na orodha nzima ya mageti. Faili kuu likae kwako: nakala kwenye barua pepe yako, nakala kwenye flashi nyumbani. Majina na namba za simu za wateja ziwe kwenye daftari au jedwali lako tu, zikiunganishwa na ile PON 03. Pia tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023. Anwani ya nyumba ya mtu pamoja na jina lake na simu yake si vitu vya kuzagaa kwenye redio ya gari. Ukiuza gari au redio, ingia kwenye mipangilio uirudishe kama ilivyotoka kiwandani, kisha uangalie kama vituo vimefutika kweli. Kwenye magari ya mtumba tunayopokea hapa nimeshaona nyumbani kwa watu wa Ulaya ambao hawajui kama mtu wa Ngamiani anajua wanakoishi.

Mteja mwenye duka la wazi, anayetaka kuonekana, huyo ni jambo lingine. Muulize, na akikubali mweke kwenye OpenStreetMap yenyewe. Ni bure, na baada ya muda atatokea kwenye simu ya kila anayetumia ramani hizo. Ukiona barabara ya kwenda Mabokweni imekosewa, unaweza kuirekebisha humo humo. Lakini banda la mama wa Pongwe liache kwenye faili lako.

Anza na wateja kumi wale wa mbali, waliompoteza dereva zaidi. Ukishawapata, kabla hujampa dereva, simama Kange ulipo na boksi, fungua orodha, utazame umbali wa kila mmoja. Muheza isome kilomita thelathini na kitu, Pongwe isizidi kumi na kitu. Ukiona namba usiyoielewa, nitumie picha ya skrini pamoja na picha ya redio yako mbele na kile kibandiko cha namba kilichoko juu yake, nitakwambia kama ni dakika, ni alama ya kutoa, au ni mtu alituma lokesheni akiwa sokoni.